Kocha Ambaye Hakuwahi Kufukuzwa

Katika miaka kumi na tisa Verlon Tidwell alikuwa amefundisha mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kurusha kwa mikono, katika shule nane za Texas ya magharibi, na hakuna hata moja iliyomfukuza. Jambo hilo alipenda sana kulitaja. Makocha wenzake walifukuzwa kila Desemba, wengine hata jasho la mechi ya mwisho halijawakauka, lakini yeye siku zote aliwahi kuondoka kabla ya kufukuzwa. Anafika mahali ambapo timu inapigwa kila Ijumaa mpaka wazee wanaona haya kwenda kunyoa nywele. Mwaka wa kwanza anawanyanyua, wa pili wanashinda na kubeba kombe la wilaya, na kabla mji haujamaliza kumsifu, yeye yumo ndani ya lori la kuhamia, kiwiko dirishani, anapiga mluzi.

Mkewe, Neta, alikuwa bingwa wa kufunga vyombo. Alijua ni kurasa ngapi za gazeti zinatosha sahani moja, na mapazia yake aliyashona kwa mshono wa kufumuka upesi, maana kila nyumba ilikuja na madirisha yake. Tangu mji wa nne alikuwa ameacha kupanda maua. Binti yao wa pekee, Jonell, alikuwa amebadilisha shule mara sita, na kila alikofika alianza upya kutafuta mtu wa kukaa naye wakati wa chakula. Alichohama nacho kikabaki kilekile ni tarumbeta lake. Hakuna bendi ya shule inayomkataa mpiga tarumbeta.

Siku walipoingia Dosher, mji wa pamba wenye watu elfu mbili na kidogo, Jonell alikuwa na miaka kumi na mitano. Gari lilisimama mbele ya nyumba waliyopewa, na Neta akakataa kushuka.

"Shuka basi, Neta. Majirani wanatutazama."

"Wacha watazame, macho ni yao. Nataka neno moja kwako. Huyu mtoto atamaliza shule hapahapa Dosher. Hata wakikuita Ikulu."

"Ikulu hawana timu."

"Verlon!"

"Haya, haya. Hapa mpaka amalize. Nimekubali."

"Usiniambie mimi. Geuka umwambie mwenyewe."

Verlon akageuka. Jonell alikuwa kiti cha nyuma, amekumbatia kasha la tarumbeta, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshasikia mengi. "Nakuahidi, mwanangu," alisema Verlon. "Miaka mitatu. Mpaka uvae joho." Na alikuwa akisema kweli tupu. Huo ndio uliokuwa ubaya wa Verlon Tidwell: hakuna ahadi aliyowahi kuitoa kwa hila. Zote alizitoa kwa moyo mweupe.

Mwaka wa kwanza ulipita salama kwa sababu timu ilikuwa mbovu na ilimpa kazi. Vijana hawakujua hata kujipanga mstari, na beki mmoja alikuwa akifumba macho kila akiona mtu anamjia. Verlon aliwafokea, akawakimbiza kwenye vumbi, akawafundisha kuanguka na kuamka. Alikuwa na furaha. Taabu ilianza mwaka wa pili, walipoelewa. Kufikia katikati ya Oktoba Dosher haikuwa imefungwa hata mara moja, barabara kuu ya mji ilikuwa imepigwa rangi ya kijani ya timu, na kocha alikuwa amekosa usingizi. Mezani anakata nyama vipande vidogo vidogo na kuviacha. Anatoka nje kuangalia matairi ya gari ambayo hayana tatizo lolote. Anafungua ramani ya jimbo, anaifunga, anaifungua tena. Neta aliziona dalili hizo zote, akazijua, akanyamaza, kwa kuwa alikuwa amepewa neno na alitaka kuona kama neno lina uzito.

Ndipo Callan walipokuja. Callan ni shule ya mjini, yenye uwanja wa viti elfu kumi na nne na makocha wasaidizi wanane, na hakuna kocha wa jimbo lile ambaye hajawahi kuiota. Kocha wao mzee alikuwa anastaafu. Wakatuma watu wawili kuja kutazama mechi ya Ijumaa, na Verlon aliwajua tangu kipindi cha kwanza, kwani hakuna mtu mwingine Texas anayevaa koti jekundu kama lile kwa hiari yake. Dosher ilishinda thelathini na moja kwa sita. Mechi ilipokwisha, taa bado zinawaka na watu wanatelemka majukwaani, wale wawili wakamngoja karibu na lango.

"Tunataka jibu kabla ya Jumatano, Kocha," mmoja alimwambia.

"Mtalipata," alisema Verlon, na kifua chake kilikuwa kimejaa kama cha kijana aliyebusiwa.

Sasa ni lazima ifahamike jinsi Verlon alivyofanya kazi na filamu. Kila kocha anapigisha picha mechi yake, lakini wengine wote kamera huzimwa firimbi ya mwisho ikilia. Verlon alikataa. Mpiga picha wake alikuwa Odis Crump, mfamasia wa mji, mtu mpole anayepanda juu ya paa la jukwaa kila Ijumaa na blanketi lake, na amri aliyopewa ilikuwa moja: usizime kamera mpaka mkanda uishe wenyewe. Kisha ukishapigwa, mkanda haukatwi. Verlon alitaka kuona vijana wanavyotoka uwanjani. Nani anamshika mwenzake bega, nani anatupa helmeti, nani anacheka wakati wamefungwa. "Mchezo utakudanganya," aliwaambia wasaidizi wake. "Mtazame mtu anapodhani kazi imekwisha."

Kila Jumamosi asubuhi mkanda uliporudi kutoka kusafishwa, aliutazama wote, peke yake, mpaka mwisho. Jumamosi ile aliutazama nusu. Akili yake ilikuwa Callan, inapanga wasaidizi wanane. Alizima mashine, akaenda kuangalia matairi.

Jumatatu jioni ilikuwa zamu ya washabiki. Kamati ya washabiki wa Dosher ilikutana kila Jumatatu katika ukumbi wa chakula wa shule, wanaume kwa wanawake, na kocha alikuwa na wajibu wa kuwaonyesha filamu na kuvumilia maswali. Mwenyekiti wao alikuwa Garland Pruett, muuza matrekta, ambaye hakuwahi kuvaa helmeti tangu azaliwe lakini kila wiki alikuwa na ushauri. Neta na kina mama wengine waligawa kahawa na vipande vya pai ya njugu za pekani. Taa zikazimwa. Odis akawasha mashine, na shuka jeupe ukutani likajaa vijana wa Dosher.

"Hapo, Kocha, hapo!" alisema Garland. "Kwa nini hukurusha mpira? Mbele kulikuwa kweupe, hata bibi yangu angedaka."

"Bibi yako ana umri gani, Garland?"

"Themanini na minne."

"Mlete kesho saa tisa, nina nafasi ya mdakaji."

Watu wakacheka. Jioni ilikuwa nzuri. Mwamuzi alipopuliza firimbi ya mwisho kwenye shuka, Verlon akafanya kama afanyavyo kila Jumatatu: akaligeuzia shuka mgongo ili azungumze na watu uso kwa uso. Kamera ilikuwa ikiwafuata vijana taratibu kuelekea langoni.

"Sasa hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote," alisema. "Mtazameni mtu hapa. Hapa hana habari kwamba anaonekana. Hapa ndipo utakapojua kama kweli ni wako."

Bibi mmoja wa mbele alishusha uma. Verlon alidhani amewagusa, akaongeza sauti kidogo, akaendelea na habari za moyo na za uaminifu, huku akiona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine, mstari wa mbele kisha wa pili, mpaka zote zikawa zinatazama juu ya bega lake.

"Kocha," alisema Garland polepole. "Makoti mekundu hayo si ya Callan?"

Verlon akageuka. Pale ukutani, mkubwa kuliko mlango, alisimama yeye mwenyewe. Kwanza alionekana akitazama kushoto, kisha kulia. Halafu watu wawili wenye makoti wakaingia, mmoja akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, na Verlon wa ukutani akacheka, akatikisa kichwa kukubali, akacheka tena. Filamu ile haikuwa na sauti, na haikuhitaji. Iliendelea kwa dakika nzima. Kisha mkanda ukaisha na shuka likawa jeupe.

"Ulisema nisizime, Kocha," Odis alinong'ona toka nyuma ya mashine, nusura alie. "Ulisema mpaka uishe."

"Walikuja kunipongeza tu," alisema Verlon.

"Kwa mikono miwili?" aliuliza Garland. "Mimi nikikupongeza natumia mmoja."

Safari hii kicheko kilichotoka hakikuwa kizuri kusikia. Neta aliweka birika la kahawa mezani, akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka.

Verlon alimkuta jikoni nyumbani, ameketi na koti lake hajalivua. Alikuwa amejiandaa kwa makelele. Angejua la kufanya na makelele.

"Ulitazama kushoto na kulia," alisema Neta. "Kama mtu anayeiba tikiti maji. Ningeweza kukusamehe mengine yote."

"Sijawakubalia bado."

"Ulicheka, Verlon. Miaka ishirini na moja naishi na wewe, kicheko kile nakijua. Ndicho ulichocheka siku niliyokubali kuolewa."

"Ni Callan, Neta! Si mahali pa mtu kuitwa mara mbili. Viti elfu kumi na nne. Nikikaa hapa nitaoza, unaniona, siwezi hata kula. Mimi si mtu wa..."

"Basi nenda. Sikuzuii tena, nimechoka kuzuia upepo kwa shuka. Lakini mimi na mtoto tunabaki. Maktaba wamenipa kazi ya siku nzima, na kodi ya nyumba nitaimudu."

Jonell alikuwa amesimama mlangoni. Habari ilikuwa imeshamfikia kwa simu ya rafiki yake, rafiki wa kwanza aliyedumu naye zaidi ya mwaka. "Mwache aende, Mama," alisema, bila hasira yoyote. "Mimi nimeshazoea."

Maneno hayo yalimwingia Verlon kuliko yote aliyowahi kurushiwa na washabiki wa shule nane. Angemtukana, sawa. Angelia, angembembeleza. Lakini binti alisema vile kama mtu anayesema mvua haitanyesha leo, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango polepole.

Kesho yake saa moja asubuhi Verlon alipiga simu Callan.

"Hakuna anayeikataa Callan, Kocha," ilisema sauti ya upande wa pili.

"Basi mimi ndiye wa kwanza," alisema, akakata simu kabla mdomo haujabadili mawazo. Kwa muda wa siku nne hivi alijiona shujaa, na alishangaa kidogo kwamba hakuna aliyekuja kumwambia hivyo.

Alidhani mji nao utasahau. Alimwendea Garland dukani, katikati ya matrekta, akamwambia ameikataa Callan kabisa.

"Tunakuamini, Kocha," alisema Garland, kwa sauti ileile anayomwambia mteja kwamba injini haijawahi kufunguliwa.

Vijana nao walikuwa wamesikia. Aliwafokea kama kawaida, wakakimbia kama kawaida, lakini macho yao yalikuwa yakimtazama kama mgeni anayengoja basi. Wakafungwa wiki ile, wakafungwa na iliyofuata, na kombe la wilaya likaenda kwa jirani. Desemba bodi ya shule ilikaa ikapiga kura ya kumwondoa, sita kwa moja. Moja ile ilikuwa ya Odis Crump, ambaye naye alikuwa mjumbe wa bodi. Gazeti la mji liliandika mistari minne tu: Kocha Tidwell ataendelea na vipindi vyake vya darasani vya jiografia hadi Mei, kisha hatahitajika.

Alisoma mistari hiyo akiwa amesimama, akaisoma tena. Hatahitajika. Alikuwa amekataa Callan ili abaki Dosher, na Dosher haimtaki. Alitaka kupiga kitu teke akakosa kitu cha kupiga. Neta alilichukua gazeti toka mkononi mwake.

"Sasa umejua wenzako walivyokuwa wakijisikia," alisema, kisha akamwekea mkono kisogoni, akauacha hapo muda mrefu.

Januari simu zilianza. Kocha anayejulikana hakosi pa kwenda. Ya kwanza aliikataa upesi. Ya pili ilitoka mji mmoja karibu na mpaka wa New Mexico, timu haijashinda mechi miaka miwili, mbovu kupita kiasi, yaani aina hasa ya timu iliyokuwa ugonjwa wake. Verlon alishika mkono wa simu kwa mikono miwili. Mezani Jonell alikuwa akifanya hesabu, na penseli yake ilisimama.

"Mechi ishirini bila kushinda?" aliuliza Verlon, na sauti yake ilikuwa na njaa. Akaitazama penseli ile. "La, nashukuru. Nina kazi huku."

Hakuwa na kazi yoyote. Aliipata mwezi Juni, kwenye duka la chakula cha mifugo, kubeba na kupanga magunia. Wateja waliendelea kumwita Kocha, maana katika nchi ile jina hilo likikushika utazikwa nalo. Ilikuwa kazi ya kukaa mahali pamoja tangu asubuhi hadi jioni, na kuna siku alipanga upya magunia yaliyokuwa yamepangika, mara tatu, ili tu mikono isimlaumu. Kila lori lililopita barabara kuu lilimuuma.

Ikafika Septemba, mwaka wa mwisho wa Jonell, mechi ya kwanza nyumbani. Verlon hakutaka kwenda. Neta alimletea koti bila kujadili. Wakakaa mstari wa kumi na mbili, na ndipo alipogundua kwamba hajawahi kukaa jukwaani tangu akiwa mtoto. Hakujua mtu anaweka wapi mikono. Kila mchezo alikuwa akiunong'ona kabla haujachezwa, na nyuma yake Garland Pruett alikuwa akimpigia kelele kocha mpya, "Rusha mpira, bwana! Mbele kweupe!" Walikuwa nyuma kwa alama tatu firimbi ya mapumziko ilipolia.

Verlon akainuka. Hakuamua kuinuka. Alipita kwenye magoti ya watu akiomba radhi, akateremka ngazi, akazunguka nyuma ya jukwaa kwa mwendo wa haraka, kichwani tayari ana maneno matatu ya kumwambia beki wa kulia, akafika kwenye mlango wa chumba cha vijana, akashika kitasa.

"Kocha," alisema msaidizi aliyesimama mlangoni, mtu ambaye Verlon mwenyewe ndiye aliyemwajiri. Akaona aibu, akatazama chini. "Samahani, Kocha. Hairuhusiwi."

Ndani kocha mpya alikuwa akifoka, na yale aliyoyafoka ndiyo yaleyale. Verlon akaachia kitasa kana kwamba kimemuunguza. Akiwa amesimama hapo, asijue aelekee wapi, akasikia tarumbeta moja, peke yake, likitokea uwanjani.

Sauti ile aliijua. Aliisikia Ijumaa nyingi kupitia ukuta ule, kila alipokuwa akichora mishale ubaoni, na mara moja, akakumbuka, aliagiza dirisha lifungwe ili vijana wamsikie vizuri. Bendi hupiga wakati wa mapumziko, na makocha hawaoni mapumziko. Binti yake alikuwa amepiga katika viwanja vya miji kadhaa, mbele ya maelfu ya watu, na mtu pekee ambaye hakuwahi kumwona ni yeye.

Alikimbia. Mtu wa miaka arobaini na tano, mwenye goti bovu, alikimbia hadi kwenye wavu wa uwanja na kuushika kwa vidole. Bendi nzima ilikuwa imepiga goti kwenye nyasi, na Jonell amesimama peke yake kwenye mstari wa kati, kofia yenye manyoya meupe, mabega yamenyooka, tarumbeta juu. Jukwaani watu walikuwa kimya hadi muuza bisi. Ni wazi walikuwa wanalijua jambo hili, walikuwa wakilingoja. Mji mzima ulikuwa unamjua mwanawe kuliko yeye. Alisikia sehemu ya mwisho tu, sauti ikipanda, ikakaa juu pale muda ambao hakudhani pumzi ya mtoto inaweza kufika, ikashuka. Watu wakasimama wote kwa kelele. Verlon alikuwa analia, na hakujificha.

Mechi ilipokwisha, Dosher wameshindwa kwa alama moja ambayo baadaye hakuikumbuka, Jonell alikuja langoni na tarumbeta kwapani, nywele zimelala kwa jasho la kofia. Neta alikuwa amesimama kando.

"Nilikuona ukiinuka," Jonell alimwambia baba yake. "Nilikuwa ndiyo naingia uwanjani na bendi. Nikajisemea, haya, kaondoka tena."

"Ni miguu tu, mwanangu. Ilijipeleka yenyewe."

"Ulisikia kiasi gani?"

Angeweza kudanganya, na kwa namna fulani Neta alikuwa akimtazama aone kama atadanganya. "Robo," alisema. "Ya mwisho."

Jonell akafikiri. Akageuza tarumbeta, akamwaga mate yaliyobaki ndani, akalipangusa kwa mkono wa shati.

"Sehemu nzuri ni ya mwanzo," alisema. "Ijumaa ijayo tuko ugenini. Nitamwambia Mama aikalie hiyo miguu yako." Na hakucheka.